Je, Mwanamume Mtu Mzima Avae Pensi?

 Siku za gulio hapa Ngaramtoni wabeba mizigo na wauza mitumba huingia msikitini kwa Swala ya Alasiri wakiwa na pensi za jinzi zilizokatwa juu ya goti. Tulimshuhudia mzee mmoja akimtoa safuni kijana wa namna hiyo mbele ya watu. Kijana aliondoka, na hatujamwona tena. Ndipo tukaulizwa: kaptula kwa mtu mzima ni haramu?

Tuanze na mpaka wenyewe. Wanavyuoni walio wengi wamesema uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi huku kwetu, goti lenyewe halimo. Kwa Mahanafi limo. Katika hoja zao ni Hadithi ya Jarhad, ambaye Mtume (s.a.w.) alimkuta paja likiwa wazi akamwamuru alifunike. Wapo waliopinga, akiwemo Ibn Hazm, kwa Hadithi ya Anas kwamba huko Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, paja la Mtume lilionekana. Imam Bukhari alizitaja zote mbili. Akaona ya Anas ina isnadi yenye nguvu zaidi, na ya Jarhad ndiyo yenye tahadhari. Nasi twaishika tahadhari hiyo, huku tukijua kwamba khitilafu ni ya tangu zamani. Kumwita mtu fasiki kwa jambo hili ni kumdhulumu.

Basi pensi inayofunika goti si haramu, iitwe kaptula au bukta. Iliyo juu ya goti haifai mbele ya watu, na kwa madhehebu yetu Swala haisihi nayo. Hata inayokomea gotini hasa ina tatizo: ukirukuu au kusujudu hupanda, paja likaonekana ubavuni.

Linabaki suala la murua, na hapa wazee wetu husahau. Askari wa KAR na maofisa wa serikali ya Kiingereza walivaa kaptula na soksi ndefu, wala hawakuonekana watoto. Na mwaka 1967 na 1968 serikali iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai wa mkoa huu waache lubega wavae suruali. Wazee wazima wakaambiwa vazi la baba zao ni aibu. Kampeni ilipita, lubega ipo gulioni hadi leo. Murua hufuata desturi ya mahali, na mafakihi wa Kishafii wamelisema hilo. Mpaka wa uchi haufuati. Mzee wetu aliyachanganya mawili haya. Swala ya kijana ilihitaji nguo tu.

Sasa vipo vikoi vitatu kwenye msumari karibu na mlango wa msikiti. Anayehitaji hujifunga juu ya pensi yake, akarudisha baada ya Swala. Kimoja kimekwisha kupotea, tumenunua kingine.