Mzigo Uliozidi Kipimo: Mtu Anapochakazwa na Kazi

Mara nyingi katika chumba cha wagonjwa wa nje huja mtu ambaye shida yake haionekani kwenye darubini. Analalamika kichwa, mgongo, tumbo, usingizi haupatikani. Tunapima malaria, hakuna. Tunapima wingi wa damu, inatosha. Mwenyewe anaomba apigwe sindano ya vitamini arudi kazini upesi. Ukimwuliza anafanya kazi gani, na kwa saa ngapi, ndipo habari yenyewe inapoanza.

Mwezi huu tuzungumze juu ya kuchakazwa na kazi. Uchovu wa kawaida, kama wa mtu aliyelima kutwa, huondoka kwa chakula na usingizi wa usiku mmoja au miwili. Aliyechakazwa na kazi huamka asubuhi akiwa amechoka kama alivyolala. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York, Marekani, aliandika juu ya hali hii baada ya kuiona kwa watu waliojitolea kuhudumia wagonjwa katika zahanati ya bure. Hao hawakuwa wavivu hata kidogo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Halikuiita ugonjwa, lilisema inatokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa ipasavyo.

Je, utaitambuaje? Shirika hilo linataja mambo matatu. Kwanza, nguvu za mwili na za akili huisha kabisa. Pili, moyo hujitenga na kazi. Hii ndiyo dalili ninayoiogopa zaidi, kwa sababu wanaoumia nayo ni watu wengine. Muuguzi aliyekuwa akimwita kila mama kwa jina lake sasa anasema "kile kitanda namba saba". Mwalimu anawafokea watoto wa darasa la kwanza kwa kosa la kudondosha penseli. Tatu, kazi yenyewe inaharibika: mtu anasahau, anakosea hesabu alizozizoea, na anajiona hafai kitu. Nyumbani huwa mkali au kimya, na watoto hujifunza kumkwepa.

Sisi wa Tabora tungepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi, wengi wao watu huru waliolipwa ujira, walibeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na vitambaa na shanga. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30, na safari ya Bagamoyo hadi Tabora ilichukua miezi miwili mpaka mitatu. Lakini tazameni walivyokwenda. Waliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Walipomaliza mwendo mgumu, kama ule wa pori la Mgunda Mkali, walidai kupumzika. Mizigo ikizidi, waligoma, au waliitua chini wakatoroka, na tajiri wa msafara akabaki porini na bidhaa zake. Maisha yale hayakuwa ya raha. Ndui na njaa viliua wengi njiani. Hata hivyo mzigo ulikuwa na kipimo, na kila mtu alikijua. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 misafara ile ilikuwa ikielekea mwisho, na nadhani na kipimo tulikipoteza, maana mzigo wa mwalimu au wa karani hauwekwi kwenye mizani.

Mama mmoja mwalimu alikuja kwetu mara tatu ndani ya miezi miwili. Nilimwomba aniandikie kwenye karatasi kazi zake za wiki nzima. Alikuwa na darasa lenye watoto wengi mno, alikuwa mhasibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, katibu wa jumuiya, mwimbaji wa kwaya, na jioni akiuza maandazi. Mama mkwe mgonjwa alikuwa naye nyumbani. Aliitazama ile karatasi muda mrefu, kisha akacheka, halafu akalia. Hatukumpa dawa. Uhasibu aliukabidhi kwa mwingine, ukatibu aliuacha kwa mwaka mmoja, na mumewe akakubali kumwogesha mama yake pamoja na dada zake kwa zamu. Ilichukua miezi, siyo siku. Nawashauri nanyi mfanye hivyo hivyo: andikeni mizigo yote, kisha jiulizeni ni upi unaoweza kutuliwa au kugawanywa. Wenzetu wa kwaya na kamati, mtu akiomba kupumzika msimwite mlegevu.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kipimo: saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28. Wengi huiacha likizo ipite, au huitumia yote kulima. Mkulima wa tumbaku hana likizo ya kuandikiwa, na msimu wa kukausha hukesha akichochea moto wa bani. Huyo apange zamu na jamaa zake, ili kila mmoja apate usiku mzima wa kulala. Na mama wa nyumbani naye? Kazi yake haina hata kengele ya kutokea. Akina baba, hapo nawaachia ninyi.

Msijitibu kwa pombe. Usingizi wa pombe haupumzishi. Msinunue vidonge vya usingizi dukani bila kuandikiwa na daktari, kwani baadhi yake humfanya mtu ashindwe kuviacha. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, wanavyovipenda vijana wa bodaboda, hukopesha nguvu mchana na kudai usingizi usiku.

Njooni mpimwe kwanza kabla ya kusema ni kazi tu. Upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu, ugonjwa wa tezi ya shingo, hata mimba changa, vyote huchosha. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, msilazimishe dawa ya malaria.

Yapo pia maradhi ya sonona, ambayo hayafanani na haya ingawa yanakaribiana. Aliyechakazwa na kazi bado anaweza kufurahi akiwa mbali na kazi, kwa mfano harusini. Mwenye sonona hafurahii chochote, hata chakula alichokipenda, na hali hiyo hudumu majuma mawili au zaidi. Akianza kusema ni heri asingezaliwa, au anagawa vitu vyake, msimkemee wala kumwambia ni mapepo. Mwulizeni waziwazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Asiachwe peke yake, aletwe hospitali siku hiyo hiyo, na dawa za kuulia wadudu wa tumbaku na pamba ziondolewe nyumbani anamolala na kufungiwa kwa jirani.