Maumivu chini ya mbavu za kuume: daktari anauliza, sisi tumujibu nini?

Kwetu Uvira, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, kila tumbo linalouma juu ya kitovu linaitwa gastriti. Mutu anapita farmasi, anapewa vidonge, anapanda gari kurudi Misisi kuchimba. Kiisha mwezi, maumivu yanarudi. Pengine ni gastriti kweli. Pengine ni mawe ndani ya kibofu cha nyongo, na mawe yale vidonge vya gastriti haviyatoi.

Nyongo inatengenezwa na ini na kuwekwa katika kamfuko kadogo chini yake. Tukikula mafuta, kamfuko kale kanajikamua. Jiwe likiziba mlango, maumivu yanaanza. Hii njo sababu daktari, mbele ya kugusa tumbo, anauliza: «Papa, ulikula nini, na saa ngapi?» Sombe yenye mawese mengi saa moja ya jioni, maumivu saa nne ya usiku: jibu kama hilo linamusaidia kuliko kusema tu «tumbo linauma».

Ataomba umuonyeshe fasi kwa kidole. Maumivu ya mawe yanakaa chini ya mbavu za kuume ao katikati, juu ya kitovu, na mara nyingi yanapanda mpaka bega la kuume ao mgongoni. Hapa mchimbaji anajidanganya: anasema bega ni la kubeba mifuko. Lakini bega la kazi linauma zaidi ukiinua mkono. Hili linakuja pamoja na tumbo, hata umelala. Linaweza kukushika nusu saa, ao masaa matatu, mane, kiisha linakuachilia. Hesabu masaa yale, uyataje.

Ataulizia kanyanga na dawa za maumivu pia. Zote mbili zinaweza kuumiza tumbo bila jiwe lolote. Daktari si pasta. Mwambie chupa ngapi, na miti shamba uliyokunywa.

Mama ataulizwa mimba ngapi, maana mimba inasaidia mawe kujitengeneza. Kijana ataulizwa drepanositozi, ule ugonjwa wa damu tunaouita SS: wenye nao wanapata mawe hata wakingali watoto. Familia nyingi zinaficha jibu hili juu ya haya. Kwetu sisi, kulificha ni kubaya kuliko kuficha pombe.

Sasa yale yasiyongoja: maumivu yanayopita masaa sita, homa yenye kutetemeka, mkojo mweusi sawa chai kali, choo cheupe sawa udongo, macho ya manjano. Kwenye machimbo, homa yote ni malaria. Wapime malaria, ndiyo, lakini mutazame na macho, nje, kwa mwangaza wa jua. Tochi ya shimoni inaficha umanjano. Mugonjwa wa namna hii asingoje siku ya kuuza dhahabu. Apelekwe hospitali kubwa, yenye ekografi na chumba cha oparasio, na mwenye kumusindikiza akumbuke saa gani alikula mara ya mwisho, sababu mpasuaji ataiuliza.