Je, Wajua? Gari Linalopanda Mlima Lenyewe

Pale Kyamwilu, kwenye kilima cha Kituluni mashariki mwa mji wa Machakos, gari likizimwa na kuachwa bila gia huonekana likipanda mlima lenyewe. Maji yakimwagwa kwenye lami, nayo huelekea "juu".

Nguvu ya uvutano haina kasoro yoyote pale, barabara inateremka. Kinachokosea ni makisio ya akili. Ubongo hukadiria mwinamo kwa kuulinganisha na upeo wa macho na miteremko jirani. Upeo ukizibwa, mteremko mdogo unaofuata mteremko mkali huonekana kuwa mwinuko. Sikio la ndani, lenye viungo vya kupima usawa wa mwili, lingeweza kusahihisha, ila kwa mwinamo mdogo ushahidi wake ni hafifu, na macho hushinda.

Mwaka 2003, Paola Bressan wa Chuo Kikuu cha Padova, Italia, na wenzake walichapisha majaribio ya vielelezo vya mezani vya barabara za aina hii. Watazamaji walidanganyika vilevile. Cha ajabu zaidi, kujua ukweli hakuondoi kiinimacho hicho. Anayetaka uhakika huhitaji pimamaji ya fundi.