Senti Yenye Kasoro: Imetoka Nayo Kiwandani au Imeipata Mtaani?

Mwaka 1955 kiwanda cha sarafu cha Philadelphia, Marekani, kilitoa senti ambazo tarehe na maandishi yake yanaonekana mara mbili. Kosa lilianzia kwenye muhuri, kile chuma kigumu kinachoigonga sarafu. Muhuri huo ulichapwa picha zaidi ya mara moja, na safari mojawapo ulikuwa umezunguka kidogo. Kila senti iliyogongwa nao ikarithi kosa lile lile. Inakadiriwa kuwa zaidi ya 20,000 ziliingia mikononi mwa watu, na leo moja huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000.

Bei kama hiyo huwafanya watu wakague chenji zao kwa matumaini, na wengi huishia kuhifadhi sarafu iliyokanyagwa na gari. Anayetaka kutofautisha na aanze na swali moja: kasoro hii ingeweza kutokea katika hatua gani ya utengenezaji?

Hatua zenyewe ni chache. Vipande vya duara hukatwa kwenye bamba la metali, kisha mashine huvibana pembeni ili kuinua ukingo. Mwishoni kila kipande huingia kwenye pete ya chuma na kugongwa kati ya mihuri miwili. Kasoro isiyo na mahali katika mlolongo huo ni jeraha la baadaye.

Chukua sarafu iliyomegeka. Bamba lisiposogea vya kutosha, kikatio huingilia tundu la kipande kilichotangulia, na kipande kipya hutoka na pengo. Kwenye mashine ya kuinua ukingo, upande unaolikabili pengo haubanwi ipasavyo, kwa hiyo ukingo wa hapo mara nyingi huwa hafifu. Herufi zilizo jirani na pengo nazo hufifia, maana metali ilikimbilia huko wakati wa kugongwa. Sarafu iliyokatwa kwa tupa haina dalili hizo: herufi zimekatika ghafla, na ukingo wa upande wa pili ni mzima.

Maandishi yanayoonekana mara mbili nayo yana aina zake. Katika senti ya 1955, picha zote mbili zimeinuka vizuri na ncha za herufi zimegawanyika. Muhuri uliolegea na kutikisika huponda tu ubavu wa herufi na kuacha ngazi bapa. Kasoro hiyo kwa kawaida haiongezi thamani. Tena, tangu 1982 senti ya Marekani ni zinki iliyopakwa shaba. Unyevu ukipenya, zinki huliwa na uso hufura, na mtu hudhani ameona herufi pacha.

Mtihani mgumu zaidi ni senti ya 1943. Shaba ilihitajika vitani, zikatengenezwa za chuma kilichopakwa zinki, lakini chache mno ziligongwa kimakosa kwenye shaba. Senti ya chuma iliyopakwa shaba baadaye ili kuiga hizo itanaswa na sumaku. Ile ya 1948 iliyochongwa 8 ikawa 3 haitanaswa, ila lenzi itaonyesha alama za chombo kilichoichonga.

Mizani ndogo, sumaku na lenzi vinatosha kuanzia kazi. Ukishuku umepata kosa la kweli, usiisugue sarafu hata kidogo: kuisafisha kunafuta uso wa asili, na uso huo ndio ushahidi wa namna ilivyogongwa.