Jipu ndogo za mtumba: Kwa nini huwasumbua wamiliki

MAGARI madogo yenye umbo la jipu, yanayoletwa kutoka Japan yakiwa yamekwisha kutumika, yamekuwa kipenzi cha wakazi wengi wa mijini katika Afrika Mashariki. Toyota RAV4, Honda CR-V, Nissan X-Trail na Subaru Forester huonekana kila siku katika foleni za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Kwa familia nyingi, ununuzi wa gari la aina hiyo ni tumizi kubwa kuliko yote baada ya kiwanja na nyumba, na aghalabu hufanywa kwa akiba ya miaka kadhaa au kwa mkopo.

Hata hivyo, si wamiliki wachache ambao furaha yao hudumu kwa miezi michache tu. Giaboksi huanza kuteleza, rejeta huchemka katikati ya safari, na oili ya injini hupungua bila kuonekana inakovujia. Fedha iliyotengwa kwa ajili ya ada ya shule huishia gereji, ilhali marejesho ya mkopo yanaendelea kudaiwa.

Wapo wanaolaumu chapa ya gari, na wapo wanaomlaumu aliyewauzia. Ukweli ni kwamba mengi ya matatizo hayo yana sababu zinazojulikana. Baadhi yalianzia kiwandani, lakini mengine huletwa na matunzo yasiyolingana na gari lenyewe.

Umbo la jipu, mwili wa saluni

Jambo la kwanza linalopaswa kueleweka ni kwamba gari hili si Land Cruiser ndogo. Land Cruiser kubwa hujengwa juu ya chesisi nzito ya chuma, kama lori. RAV4, iliyoanza kuuzwa mwaka 1994, CR-V ya mwaka 1995 na X-Trail ya mwaka 2000 zilibuniwa kwa njia tofauti. Bodi yake ndiyo mhimili wake, injini imelazwa kwa upana kama ya gari la saluni, na kwa kawaida nguvu huenda kwanza katika magurudumu ya mbele.

Kwa maneno mengine, ni gari la saluni lililoinuliwa hadi takriban sentimita 20 kutoka ardhini. Urefu huo husaidia kuvuka matuta na madimbwi, lakini haulipi gari uwezo wa kubeba saruji na mbao za ujenzi, wala wa kupita kwenye makorongo kila siku. Bushi, shokapu na boljointi huchoka mapema pale mmiliki anapolitumia kama gari la shamba.

Giaboksi na oili yake

Malalamiko mazito zaidi huhusu giaboksi, hasa ile inayofahamika kwa kifupi cha CVT. Giaboksi hii haina gia za meno zinazobadilishana moja baada ya nyingine. Ndani yake mna puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, zikiunganishwa na mkanda wa chuma. X-Trail nyingi za petroli zilizouzwa Japan kati ya mwaka 2007 na 2013 zina giaboksi hiyo, kama ilivyo kwa RAV4 za kizazi cha tatu zilizouzwa katika soko hilo.

Kinachouzuia mkanda huo usiteleze ni shinikizo la oili maalumu iliyotengenezwa kwa ajili ya CVT. Oili hiyo hutakiwa kupoza, kulainisha na wakati huo huo kuupa mkanda mshiko. Fundi anapoweka oili ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani, mshiko hupungua, mkanda husaga puli, na unga wa chuma husambaa ndani ya mfumo mzima. Gari huweza kutembea wiki kadhaa bila dalili yoyote, na dalili zinapojitokeza giaboksi huwa imekwisha kuumia.

Joto nalo ni adui. Katika foleni ndefu za mchana, au katika mpando kama wa Kitonga mkoani Iringa, oili huchemka na kompyuta ya gari hupunguza nguvu ili kuilinda giaboksi. Dereva huhisi gari limekufa ghafla ingawa injini inaunguruma. Wengi hufikiri tatizo ni plagi au pampu ya mafuta, wakabadilisha vipuri visivyohusika.

Udhaifu wa giaboksi hizo haukuonekana Afrika peke yake. Mwaka 2009 Nissan iliongeza dhamana ya CVT nchini Marekani kwa magari ya matoleo ya mwaka 2003 hadi 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000, yaani takriban kilomita 193,000. Miongoni mwa magari hayo ilikuwamo Rogue, ambayo ni ndugu wa X-Trail. Lakini dhamana ya namna hiyo haimfuati mnunuzi wa gari la mtumba aliyeko Dar es Salaam au Nairobi. Huyo hubeba hasara yote mwenyewe.

Maji ya bomba na thamostati

Chanzo kingine cha maumivu ni mfumo wa kupoza injini. Injini za magari haya zina silinda hedi ya aluminiamu, madini yanayopinda haraka yanapopata joto kupita kiasi. Kimiminika kinachopendekezwa na mtengenezaji huzuia kutu na huchelewa kuchemka kuliko maji matupu. Mmiliki anayejaza maji ya bomba kila asubuhi huokoa fedha kidogo, huku akiacha kutu na chokaa vizibe mirija ya rejeta.

Aidha, umeenea mtindo wa mafundi kuing'oa thamostati kwa madai kwamba imewekwa kwa ajili ya nchi za baridi. Dai hilo si sahihi. Thamostati huifanya injini ifikie joto lake la kazi na kubaki hapo. Ikiondolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi, hunywa mafuta mengi na kuchakaa upesi. Kibaya zaidi, chanzo halisi cha kuchemka, kama vile feni iliyokufa au rejeta iliyoziba, huachwa bila kutibiwa hadi siku gasketi inapoungua. Usipoziba ufa, wahenga walisema, utajenga ukuta.

Oili inayopotea

Wapo pia wamiliki wanaokuta injini imekaukiwa na oili ingawa hakuna tone lililodondoka chini. Hali hiyo inafahamika katika injini ya Toyota ya lita 2.4 iliyotumika katika RAV4 za kizazi cha tatu. Oili hupita kwenye ringi za pistoni na kuungua pamoja na petroli. Nchini Marekani kampuni hiyo iliongeza dhamana kwa tatizo hilo, zikiwamo RAV4 za mwaka 2006 hadi 2008, na tiba yake ilikuwa kubadilisha pistoni na ringi.

Kwa mmiliki, kinga ya kwanza ni kuchomoa kijiti cha oili angalau mara moja kwa wiki, injini ikiwa imezimwa na gari likiwa mahali tambarare. Kusubiri taa nyekundu ya oili iwake ni kuchelewa, kwa kuwa taa hiyo hutangaza kupungua kwa shinikizo. Inapowaka, vyuma vya ndani vinaweza kuwa vimeanza kusagana.

Matairi yasiyolingana

Mfumo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne una masharti yake. Katika magari mengi ya aina hii, mtambo maalumu hupeleka nguvu nyuma pale tu magurudumu ya mbele yanapoteleza. Mtambo huo hutambua tofauti ya mzunguko kati ya mbele na nyuma. Ikiwa matairi mawili ni mapya na mawili yamekwisha, mzunguko hutofautiana hata kwenye lami kavu, nao mtambo hufanya kazi bila kupumzika hadi uungue.

Kwa CR-V za vizazi vya mwanzo, dalili inayofahamika ni mngurumo kutoka nyuma gari linapokata kona kali kwa mwendo mdogo. Mara nyingi sauti hiyo humaanisha kuwa oili ya difu ya nyuma imechoka, na hutoweka ikibadilishwa kwa oili maalumu ya Honda. Asiyejua hilo huweza kuuziwa difu nzima.

Umri, nyaraka na majaribio

Serikali za ukanda huu zimejaribu kudhibiti uchakavu kwa kutumia umri. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 inayozuia magari ya miaka 15 na zaidi, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu. Hata hivyo, umri hauelezi oili ilibadilishwa lini, wala kama mkanda wa taimingi wa Forester ya zamani, unaotakiwa kubadilishwa karibu na kilomita 100,000, umewahi kuguswa.

Kutokana na hali hiyo, mnunuzi anashauriwa kudai karatasi ya mnada wa Japan, ambayo hutaja daraja la gari na sehemu zilizowahi kuharibika. Herufi R katika nafasi ya daraja huashiria gari lililokarabatiwa baada ya ajali. Kilomita zilizoandikwa humo zilinganishwe na zile za kwenye dashibodi.

Baada ya hapo, gari liwashwe asubuhi injini ikiwa baridi, kwa sababu muuzaji anayelipasha moto mapema huenda anaficha mlio au moshi. Liendeshwe si chini ya nusu saa, likiwamo katika foleni na katika mlima, ili giaboksi ipate joto. Likate kona kamili kulia na kushoto. Matairi yote manne yakaguliwe, kisha fundi aunganishe kifaa cha kusoma makosa yaliyohifadhiwa katika kompyuta ya gari. Anayelipia fundi wake mwenyewe kwa kazi hiyo hutumia sehemu ndogo sana ya bei ya giaboksi.

Vilevile, ni busara kutomaliza fedha zote katika bei ya gari. Mwenye bajeti iliyobana ni heri achukue gari la bei ya chini kidogo, ili salio lilipie oili mpya ya injini, ya giaboksi na ya difu pamoja na kimiminika cha rejeta katika wiki ya kwanza. Risiti za oili hizo zitunzwe pamoja na kadi ya gari, kwa kuwa ndizo zitakazomwonyesha fundi ajaye kilichomo ndani, na mnunuzi ajaye kwamba gari lilitunzwa.