Je, Wajua Pupa wa Kipepeo Hajalala?

Pupa wa kipepeo, yaani hatua iliyo kati ya kiwavi na kipepeo kamili, hana mdomo wa kulia wala mguu wa kutembelea, na rangi yake mara nyingi ni ya jani bichi au kijiti kikavu. Ndiyo maana watu humpita bila kumtazama. Katika kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, mgeni anaweza kwa siku moja kuwaona nyoka katika kituo cha Bio-Ken huko Watamu, kisha akaenda Gede, kilomita chache tu kutoka hapo, kwenye kituo cha vipepeo kiitwacho Kipepeo, kilichomo katika eneo la magofu. Kwa nyoka huuliza maswali mengi, hasa akionyeshwa gamba lililovuliwa. Kwa vipepeo wanaoruka hupiga picha. Pupa waliotundikwa hupewa jicho la haraka, ilhali hao ndio wenye habari kubwa kuliko wote.

Nyoka anapojivua gamba hutoka nyoka yule yule. Kiwavi naye hujivua ngozi mara kadhaa kadiri anavyonenepa, na kila mara hutoka kiwavi. Mara ya mwisho hutoka pupa, na namna anavyotoka inastahili kuelezwa taratibu. Kwanza kiwavi huacha kula, humwaga uchafu wote wa tumboni, kisha hutangatanga akitafuta pahali pa kujishikiza. Akipapata, hutema nyuzi za hariri na kuzifuma ziwe kinundu kidogo. Kipepeo wa milimau, Papilio demodocus, hujifunga pia uzi kiunoni, hivyo huegemea kijiti bila wasiwasi. Lakini vipepeo wa jenasi za Danaus na Charaxes hawana mshipi huo. Wao huning'inia kichwa chini, wameshikwa na miguu ya nyuma peke yake.

Hapo ndipo penye hatari. Ngozi hupasuka nyuma ya kichwa na kukunjamana kuelekea mkiani, lakini miguu iliyoshika hariri ni sehemu ya ngozi hiyo inayovuliwa. Pupa lazima aiache ngozi bila kuanguka. Hubana mkunjo wa ngozi kuukuu ili umshikilie kwa muda mfupi, huchomoa ncha ya mkia, huinyoosha juu na kuipapasisha hadi ikifikie kinundu cha hariri. Ncha hiyo imejaa vikulabu vidogo mno. Vikinasa, pupa hujizungusha kwa nguvu mpaka ngozi ya zamani idondoke. Yote haya huyafanya akiwa laini, asiyeweza kuona anakoelekeza mkia. Akikosa, huanguka na aghalabu hupasuka au hulemaa.

Baada ya hapo ganda hukauka, na watu husema kiwavi amelala, au kwamba ndani amegeuka uji mtupu kisha kipepeo akaumbwa upya. Maneno haya mawili yanarudiwa hata darasani, na yote mawili hayako sawa. Ni kweli kwamba misuli mingi ya kiwavi huvunjwavunjwa na chembe zake kutumiwa kama chakula. Lakini mbawa, miguu mirefu na macho makubwa havianzi patupu. Kiwavi hubeba ndani ya mwili wake vifungu vya seli vilivyotengwa mapema kwa ajili ya viungo hivyo, vikizuiwa kukomaa na homoni ya ujana. Homoni hiyo ikipungua, na ile ya ekdisoni ikapanda, vifungu hivyo huanza kukua kwa kasi.

Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walipiga pupa walio hai picha za eksirei za pande tatu, siku baada ya siku, na kuona mirija ya hewa ikiwa imepangika mapema sana, nao utumbo ukibadilika umbo bila kutoweka. Ubongo nao haufutiki wote. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008, viwavi wa nondo wa tumbaku walifundishwa kwa mshtuko mdogo wa umeme kuikimbia harufu fulani. Waliofundishwa katika hatua ya mwisho ya ukiwavi waliendelea kuikwepa harufu hiyo walipokuwa nondo. Kiumbe anayebeba kumbukumbu namna hiyo hakuyeyuka.

Kwa aina nyingi za pwani hatua hii huchukua wiki moja hadi mbili hivi. Kipepeo akitoka, mbawa zake huwa zimejikunja na zina unyevu. Huzijaza kwa kusukuma majimaji ya mwili kwenye mishipa yake, na akikosa nafasi ya kuning'inia zikiwa bado laini, hukauka zikiwa zimepinda, na kuruka asiruke tena. Hutoa pia majimaji, ambayo yakiwa mekundu wengi hudhani ni damu. Ni taka zilizokusanyika wakati wa upupa.

Biashara nzima ya vipepeo imesimama juu ya wiki hizo za upupa, kwa kuwa pupa husafiri bila chakula wala maji. Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993 na Ian Gordon, huwanunua kwa wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na kuwasafirisha kwa ndege hadi kwenye mabanda ya maonyesho ng'ambo. Mkulima hufuga kwenye wavu ili kuwakinga viwavi na nyigu wanaotaga mayai ndani yao, lakini jike wa mbegu hutoka msituni. Kwa hiyo aliyekuwa akitamani msitu ugawanywe kuwa mashamba ana sababu ya kutaka ubaki. Msitu huu wa kilomita za mraba zipatazo 420 ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichosalia cha misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki, nao bado unakatwa kwa ajili ya mkaa na nguzo.

Upande wa Tanzania, wafugaji wa vipepeo wa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, walifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 2016 serikali ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, vipepeo nao walijumuishwa. Marufuku ilikuwa ya haki kwa tumbili wanaotegwa porini. Kwa pupa aliyelelewa juu ya mti uliopandwa na mkulima, ilimnyang'anya kipato yule yule aliyekuwa akiulinda msitu.

Mbali na mabanda ya maonyesho, pupa hutumika katika masomo ya shuleni na utafiti wa homoni na jeni. Uzi wa nondo wa hariri hutolewa na kiwavi anapojiandaa kuwa pupa, na pupa wanaobaki baada ya uzi kuvunwa hulishwa kuku na samaki, au huliwa na watu katika nchi kadhaa za Asia.