Kompyuta Ipozwayo kwa Maji: Hesabu za Kufanya Singida

Lori lililojaa mzigo litokapo mbuga za Wembere na kuupanda mlima wa Sekenke kuelekea Singida, injini yake hufanya kazi kubwa sana, na papo hapo mwendo wake ni wa polepole. Upepo upitao katika rejeta hupungua wakati ule ule joto linapozidi. Kijana anayetaka kuunda kompyuta ya michezo inayopozwa kwa maji anakabiliwa na tatizo hilo hilo, ingawa chombo chake hakiondoki mezani.

Kompyuta ya namna hiyo ina sehemu mbili zitoazo joto jingi: prosesa na kadi ya picha. Tuseme kwa pamoja zinatumia wati 400. Karibu umeme wote huo hugeuka kuwa joto, yaani jouli 400 kila sekunde. Juu ya kila sehemu hulazwa kibamba cha shaba chenye mifereji ndani yake. Pampu husukuma maji yapite humo, yaende kwenye rejeta yenye feni, kisha yarudi.

Wengi hudhani kwamba jambo kubwa ni pampu. Hebu tufanye hesabu. Lita 1 ya maji huhitaji jouli 4,200 hivi ili halijoto yake ipande kwa nyuzi 1. Pampu ipitishayo lita 4 kwa dakika hupitisha lita 1 kila sekunde 15, na katika muda huo kompyuta hutoa jouli 6,000. Basi maji hupata joto kwa nyuzi 1.4 tu. Tukipunguza mwendo wa maji nusu, tunapata nyuzi 2.9. Fedha nyingi zinazotumika kununua pampu kubwa hununua tofauti ndogo kama hiyo!

Kazi ngumu iko upande wa hewa. Mji wa Singida uko kiasi cha meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hapo lita 1 ya hewa yenye nyuzi 25 hubeba takriban jouli 1 tu kwa kila nyuzi. Ikiwa hewa itapata joto kwa nyuzi 10 ipitapo katika rejeta, zinatakiwa lita 40 za hewa kila sekunde. Dar es Salaam, hewa yenye halijoto hiyo hiyo ni nzito zaidi, na lita 34 zingetosha. Kwa hiyo anayenakili mpango uliotengenezwa pwani hana budi kuongeza ukubwa wa rejeta au feni, na kuipangusa rejeta mara kwa mara wakati wa vumbi la kiangazi.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona maji ya mtungi huwa baridi kuliko hewa iliyouzunguka? Mtungi hupoa kwa sababu maji hupenya udongo na kuvukizwa, na kila tone livukalo huchukua joto. Maji ya kompyuta yamefungwa ndani ya mipira, hayavuki. Kamwe hayawezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumbani.

Maji yenyewe yachaguliwe kwa uangalifu. Maziwa ya Singidani na Kindai yana chumvi, na visima vingi vya mkoa huu vina madini mengi. Maji hayo huacha ndani ya mifereji ukoko mweupe kama ule wa birika, na huharakisha kutu. Yatumike maji yaliyokenekwa, yenye dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Tena, rejeta ya alumini isiunganishwe na vibamba vya shaba: metali hizo mbili ndani ya maji ni kama betri, na alumini ndiyo italiwa.

Kompyuta ya Cray-2 ya mwaka 1985 ilizamishwa ndani ya kiowevu kisichopitisha umeme, na haikuogopa kulowa. Yetu inaogopa. Kabla ya kuiwasha, pampu peke yake ipewe umeme kwa saa 24, karatasi kavu zikiwa zimetandazwa chini ya kila kiungo. Tangi liwe juu ya pampu ili pampu isivute hewa, na bomba la kumwagia maji liwe mahali pa chini kabisa.